Mali ya Mateka: Je, Hukumu ya Baraza Yaweza Kuisafisha?

Katika nchi zetu nyingi wazee wangali wakisimulia desturi moja ya kale. Mtu wa ukoo mmoja akikopa ng'ombe kwa mtu wa ukoo mwingine akakataa kulipa, au akifanya kosa kisha akakimbia, wenye kudai hawakumfuata yeye peke yake. Walivizia njiani, wakamkamata ng'ombe wa ndugu yake, au wa mtoto wa baba yake mdogo, wakamfunga zizini mwao. Mwenye ng'ombe akija kulalamika aliambiwa, "Nenda ukamdai ndugu yako." Wako wasemao kwamba desturi hii ilikuwa na hekima, maana iliwafanya jamaa wote wamwonye mwenzao asikose. Wako na wasemao kwamba ilikuwa ni unyang'anyi uliovikwa nguo nzuri.

Hatutaki leo kuamua habari ya ng'ombe. Twataka kuonyesha ya kuwa swali hili hili liliulizwa huko Ulaya miaka 400 iliyopita, kwa ajili ya shehena ya merikebu moja, na watu wenye elimu nyingi wakasumbuka nalo. Tena ndani ya swali hilo mna lingine, ambalo kwetu sisi ndilo gumu zaidi. Mali ikiisha kutekwa, na baraza likaisha kuhukumu ya kuwa imetekwa kwa haki, je, mtu anayeletewa fungu lake nyumbani aweza kulipokea kwa moyo mweupe?

Merikebu yenyewe iliitwa Santa Catarina. Ilikuwa ya Wareno, kubwa sana, ya namna ile waliyoitumia kuchukua bidhaa za Mashariki. Mwanzo wa mwaka 1603 ilikuwa safarini kutoka Macao, mji uliokuwa wa Wareno katika pwani ya China, kwenda Malacca. Ndani yake mlikuwa na marobota ya hariri mbichi zaidi ya elfu, na vyombo vya Kichina vya udongo mweupe visivyohesabika, na sukari, na miski, na kafuri. Tena mlikuwa na mamia ya watu: askari, mabaharia, wafanya biashara, wanawake na watoto.

Alfajiri ya tarehe 25 Februari ilikuwa imetia nanga upande wa mashariki wa kisiwa cha Singapore, karibu na mahali mto wa Johor unapoingia baharini. Hapo ndipo Waholanzi walipoiona. Mkuu wao alikuwa Jacob van Heemskerck, baharia hodari, yeye yule aliyekwama katika barafu ya kaskazini majira ya baridi ya mwaka 1596 na 1597, akakaa miezi mingi pamoja na wenzake ndani ya nyumba ya mbao waliyoijenga wenyewe. Pamoja naye walikuwako watu wa Sultani wa Johor, ambaye alikuwa na ugomvi wake mwenyewe na Wareno wa Malacca. Wakapiga mizinga kutwa. Heemskerck aliwaamuru watu wake walenge matanga, wasitoboe ubavu wa merikebu, isije ikazama pamoja na mali. Msomaji na aiweke akilini amri hiyo, maana yaonyesha jicho la mkuu lilikuwa likitazama wapi. Jioni Wareno wakaomba amani. Wakaahidiwa uhai wao, nao wakatoa merikebu na vyote vilivyokuwamo. Ahadi ile ilitimizwa, na watu wakafika Malacca salama. Kwa hilo twamsifu Heemskerck, kwa kuwa wengi wa zama zake wasingalifanya hivyo.

Mali ililetwa Uholanzi, ikauzwa kwa mnada mjini Amsterdam. Watu walikuja kutoka nchi nyingi za Ulaya kuinunua. Jumla ya bei ilipita guilder milioni 3, fedha za Kiholanzi za wakati ule. Ili mjue ukubwa wake, Kampuni ya Waholanzi ya Bara Hindi ya Mashariki, iliyoundwa mwezi wa Machi mwaka 1602, ilianza kazi na mtaji wa guilder kama milioni 6 na nusu, uliochangwa na watu wa miji sita. Yaani merikebu moja, kwa siku moja, ilizaa karibu nusu ya mtaji ule wote.

Kwa nini Heemskerck aliikamata? Alikuwa na sababu, wala hazikuwa za bure. Tangu mwaka 1580 Mfalme wa Hispania alikuwa ndiye Mfalme wa Wareno pia, na Waholanzi walikuwa wamemwasi mfalme huyo, wakawa wanapigana naye miaka mingi. Merikebu zao za biashara zilikuwa zimekamatwa mara kwa mara katika bandari za Hispania na Ureno. Na huko Mashariki, mwaka 1601, wakubwa wa Macao waliwakamata mabaharia wa Kiholanzi waliofika kutafuta biashara, wakawaua 17 kati yao. Habari hiyo ilimfikia Heemskerck akiwa safarini, nayo ilimchoma moyo.

Lakini hati aliyopewa na Mtukufu Maurits, mkuu wa majeshi ya Waholanzi, haikumpa ruhusa ya kwenda kuwinda merikebu za watu. Ilimpa ruhusa ya kujilinda, na ya kudai malipo ya hasara aliyotendewa. Ndipo ilipohitajika hukumu. Tarehe 9 Septemba mwaka 1604 Baraza la Bahari la Amsterdam likatoa hukumu yake: merikebu na shehena yote ni mateka ya halali.

Twajua wasomaji wengi wamepata kukaa barazani, ama kwa kudai ama kwa kudaiwa, nao watauliza upesi: Waamuzi walikuwa akina nani? Jibu ni kwamba walikuwa wakubwa wa nchi ile ile iliyokuwa vitani na Wareno. Baraza lile lilikuwa na kazi ya kutunza merikebu za vita, na kwa desturi fungu la kila mateka liliingia katika mfuko wa serikali. Wareno hawakuwako kujitetea. Na Mreno gani angalisafiri kwenda Amsterdam, katikati ya vita, kudai hariri yake kwa adui zake? Wahenga walisema, Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Hatusemi ya kuwa waamuzi wale walikuwa waovu. Yawezekana kila mmoja wao aliamini kwa moyo wote ya kuwa ahukumu kwa haki. Lakini mtu mwenye fungu katika chungu si rahisi kwake kuona kwamba chungu ni cha jirani.

Hukumu ikaisha kutolewa, na bado watu wakanong'ona. Kwa hiyo wakubwa wa Kampuni wakamtafuta kijana mmoja mjuzi wa sheria awaandikie utetezi. Jina lake Hugo de Groot, ambaye wenye elimu humwita kwa Kilatini Grotius. Alizaliwa katika mji wa Delft mwaka 1583, akaingia chuo kikuu cha Leiden akiwa na miaka 11, na wakati huo alikuwa mtu wa miaka 21. Akaandika kitabu kikubwa juu ya sheria ya mateka. Sehemu yake moja tu ilichapishwa mwaka 1609, bila jina la mwandishi, ikaitwa Bahari Huru. Kitabu kizima kilikaa gizani hata mwaka 1864, hati zake zilipotokea mnadani, nacho kikachapishwa mwaka 1868. Twaomba msomaji aangalie utaratibu wa mambo: kwanza mali ilitekwa, kisha ikahukumiwa, ndipo sababu zikaandikwa. Hilo peke yake halitoshi kumfanya mwandishi kuwa mwongo. Hata mwenye haki hutafuta msemaji. Lakini sababu zilizoitwa baada ya mali kuuzwa zahitaji kupimwa kwa mizani iliyo sawa, na sisi tutajaribu.

Sababu yake ya kwanza ni njema, na sisi watu wa Afrika ya Mashariki tuna haki ya kuipenda. Wareno walidai ya kuwa bahari yote ya Mashariki ni yao, kwa kuwa wao waliifikia kwanza kutoka Ulaya, na kwa kuwa Papa aliwagawia. Grotius akajibu ya kuwa bahari haishikiki kwa mkono wala haizungushiwi ua. Ni kama hewa, hakuna aitumiaye akaimaliza, basi hapana mfalme awezaye kuifanya shamba lake. Tena akasema Wareno hawakuzigundua nchi zile, maana zilikuwa na watu wake na wafalme wake na sheria zao; na Papa si bwana wa mali ya watu wasio wake.

Maneno hayo yangaliwapendeza sana manahodha wa pwani yetu. Vasco da Gama alipita hapa mwaka 1498. Mwaka 1505 Wareno waliteka Kilwa na Mombasa. Na kwa muda mrefu baada ya hapo walidai kila jahazi la biashara lichukue hati yao, waliyoiita cartaz, ambayo mtu aliilipia, nayo ilimwambia wapi aende na nini apakie. Jahazi lisilo na hati liliweza kukamatwa, na shehena yake kuwa mateka. Mtu aliyekuwa akipeleka nguo na pembe kwa njia waliyosafiri babu zake aliambiwa ghafula ya kuwa njia ina mwenyewe. Kwa hao Grotius hakuandika. Yeye aliandika kwa ajili ya Amsterdam. Hata hivyo neno la kweli halipungui ukweli kwa kuwa msemaji amelipwa, nasi twalikubali.

Sababu yake ya pili ndiyo itupelekayo katika zizi la ng'ombe. Alisema hivi, kwa maneno yetu: Baharini, mbali na nchi zote, hapana hakimu. Mahali pasipo hakimu, aliyedhulumiwa aweza kujitafutia haki yake kwa mkono wake, kama mataifa yafanyavyo vitani. Na raia huchukua mzigo wa mfalme wao. Mfalme akidhulumu na kukataa kulipa, mali ya raia wake yaweza kushikwa mpaka deni liishe, nao wamdai mfalme wao. Basi, wakubwa wa Macao walipowaua Waholanzi, na mfalme wao asiwaadhibu, hariri ya wafanya biashara wa Macao ikawa na deni.

Hatuwezi kulitupa neno hili kwa mkono mmoja. Ikiwa hakuna njia yoyote ya kumshika mkosaji, na ikiwa watu wake wamnyamazia, huenda wale watu wamelala sana, na yafaa waamshwe. Raia hushiriki faida za mfalme wao. Merikebu ya Macao ililindwa na bendera ile ile iliyopepea mahali walipouawa watu 17. Lakini twaona mashimo mawili.

La kwanza ni la kipimo. Aliyemkopesha jirani ng'ombe mmoja, akakamata kumi, hata kama desturi yamruhusu kukamata, hana budi kuwarudisha tisa. Grotius mwenyewe alikubali ya kuwa mateka yana mpaka, nao ni kiasi cha deni na hasara. Nani basi aliketi na kuhesabu? Roho ya mtu haina bei, twajua. Hata hivyo fedha ile haikuwa fidia ya wajane na mayatima wa wale waliouawa. Iligawanywa kama faida ya biashara. Fidia ikiwafikia wasiofiwa haiitwi fidia tena. Hata watoto wa shule watalitambua hilo.

Shimo la pili ni mtu mwenyewe aliyenyang'anywa. Mfanya biashara wa Macao aliyepakia marobota yake matano, pengine kwa fedha ya kukopa, hakuhukumu mtu, wala hakuulizwa shauri na waliohukumu. Kumwambia "mdai mfalme wako" ni maneno matupu. Mfalme alikuwa Hispania, safari ya zaidi ya mwaka mzima, na wafalme hawana desturi ya kulipa madeni ya namna hiyo. Wale wazee wa ng'ombe walau walijua ya kuwa mwenye ng'ombe aweza kumfikia ndugu yake kabla ya jua kutua, na kumshika shingoni. Desturi yao ilitegemea ujirani. Ukiipeleka baharini, ambako mdaiwa na mwenye kosa hawajuani hata kwa sura, jina la desturi labaki lakini nguvu yake ya kuleta haki imekwisha kupotea njiani.

Hapa twaomba ruhusa kusimulia habari ya merikebu nyingine, kwa kuwa huonyesha ni kitu chembamba namna gani kitenganishacho mtekaji wa halali na mwizi. Mwisho wa karne ile ile nahodha William Kidd alitoka Uingereza akiwa na hati ya Mfalme William wa Tatu, ya mwaka 1696, imruhusuyo kukamata merikebu za Wafaransa na za maharamia. Matajiri wakubwa wa Uingereza walimtolea mtaji. Alipita hapa jirani: mwaka 1697 alikuwa katika visiwa vya Komoro, akisafisha na kutengeneza chombo chake, na huko maradhi yakamwulia watu wengi. Mwezi wa Januari mwaka 1698, karibu na pwani ya Bara Hindi, alikamata merikebu iitwayo Quedagh Merchant, yenye hariri na nguo za pamba na sukari. Alipandisha bendera ya Ufaransa ili kuwadanganya, nao wakamwonyesha hati ya Kifaransa. Basi akasema, "Ninyi ni mateka yangu." Lakini nahodha wa merikebu ile alikuwa Mwingereza, na mali ilikuwa ya Waarmenia na Wahindi, na sehemu yake ya mkubwa mmoja wa dola ya Moghul. Wenye mali walilia, na mfalme wa Moghul akakasirika, na Waingereza waliofanya biashara katika nchi yake wakaona ya kuwa watafukuzwa.

Kidd alifikiri hati zile za Kifaransa zitamwokoa. Alizitoa kwa gavana aliyemkamata huko Marekani, naye akazipeleka London. Siku ya hukumu yake, mwaka 1701, hazikuonekana. Akahukumiwa kwa uharamia, na kwa kumwua mtu mmoja katika mabaharia wake, akanyongwa tarehe 23 Mei, na maiti yake ikatundikwa kwa minyororo kando ya mto Thames. Hati zile zilipatikana tena katika nyaraka za serikali ya Uingereza katika karne ya 20. Hatumtetei Kidd. Pengine alistahili kamba kwa ajili ya yule baharia tu. Lakini linganisheni. Heemskerck alipokufa vitani mwaka 1607, karibu na Gibraltar, alizikwa kwa heshima ya taifa katika kanisa kuu la kale la Amsterdam. Wote wawili walikuwa na hati ya mkubwa wao. Wote wawili walikamata merikebu ya biashara yenye hariri. Wote wawili walileta sababu. Mmoja wenye kudai hawakuwa na nguvu ya kufika barazani. Wa pili wenye kudai walikuwa na nguvu ya kufunga biashara ya waamuzi. Twaogopa ya kuwa jambo hilo liliamua mengi zaidi kuliko neno lolote la sheria.

Turudi Amsterdam, mwaka 1604, kwa watu tuliokusudia kuwafikia tangu mwanzo. Kati ya waliochangia mtaji wa biashara ya Mashariki walikuwako Wakristo waitwao Wamennonite. Wasomaji wetu wa Shirati na Musoma wawajua vema, maana wamisionari wao walifika Tanganyika mwaka 1934, na kanisa lao lingaliko. Hao, tangu siku za Menno Simons aliyefariki mwaka 1561, walifundisha ya kuwa Mkristo hashiki silaha, wala kwa kushambulia wala kwa kujilinda. Wengi wao mjini Amsterdam walikuwa wafanya biashara wenye mali. Walitia fedha zao katika merikebu wakitumaini kununua pilipili na kuiuza. Sasa wakaambiwa ya kuwa faida imepatikana, kubwa mno, wala si kwa pilipili.

Fikirini mtu wa namna hiyo. Hakuona damu. Mikono yake ilishika kalamu na mizani tu. Baraza limesema mali ni halali. Rafiki zake wampongeza. Lakini ajua ya kuwa baruti iliyopigwa kule Johor ilinunuliwa kwa fedha, na katika fedha ile mlikuwamo na yake. Wengine wao walikataa kupokea faida ya mateka. Wengine waliuza hisa zao wakatoka. Wengine walishauriana kuanzisha kampuni nyingine huko Ufaransa, chini ya Mfalme Henri wa Nne, itakayofanya biashara bila vita. Shauri hilo halikufanikiwa. Grotius aliwafahamu vema, na sehemu kubwa ya kitabu chake ni jibu kwao. Hakuandika kwa ajili ya Wareno, ambao wasingalikubali, bali kwa ajili ya wenzake waliokuwa na mashaka.

Sisi twaona ya kuwa watu hao wasio na cheo walifahamu jambo ambalo kijana mwenye elimu alilipita. Grotius aliuliza, "Je, sheria yaruhusu?" Wao waliuliza, "Je, mimi naweza kuila?" Maswali hayo mawili si mamoja. Baraza lina kazi ya kumaliza ugomvi, watu wasiendelee kukatana. Kwa hiyo hufika mahali likasema, "Yatosha, ni ya huyu," hata kama mizani haikukaa sawa kabisa. Hiyo ni kazi njema, na bila yake hatungeweza kukaa pamoja. Lakini mtu akiichukua hukumu ile akaifanya dawa ya dhamiri yake, ameitumia kwa kazi ambayo haikuwekewa.

Hata wao hatuwasifu bila kupima. Aliyekataa faida twamwelewa, amejinyima kitu. Lakini aliyeuza hisa yake? Amempa mwingine ile mali aliyoiona chafu, akapokea fedha safi kwa badala yake, kama mtu auzaye kuku mgonjwa sokoni baada ya kuona ya kuwa hafai kuliwa na watoto wake. Wala aliyekataa hakumaliza kazi yote, kwa kuwa fedha aliyoikataa haikurudi Macao. Ilibaki mezani, wenzake wakagawana. Tumepata kusikia watu wenye busara wakisema kwa ajili hiyo, "Afadhali kuipokea na kutenda wema kwayo." Twafahamu neno hilo, nalo lina uzito kwa mtu mwenye njaa. Kwa tajiri wa Amsterdam twaona lilikuwa jepesi mno.

Ikiwa mtu ataka kujua kama sababu zake ni za haki au ni za tumbo, ipo njia moja ya kuzijaribu, nayo ni kungoja mpaka zimgeukie. Waholanzi hawakungoja sana. Baada ya miaka michache walikuwa wamewafukuza Wareno katika visiwa vingi vya karafuu na kungumanga, wakafanya mapatano na wenyeji ya kuwa wasiuzie mtu mwingine, kisha wakazuia merikebu za Waingereza kufika huko. Mwaka 1613 wajumbe wa Uholanzi walikwenda London kuzungumza habari hiyo. Mmoja wao alikuwa Grotius mwenyewe. Nao Waingereza wakamjibu kwa maneno ya kitabu kile kilichochapishwa bila jina, Bahari Huru. Grotius akajibu ya kuwa jambo hili ni jingine, hapa pana mapatano, na mapatano lazima yashikwe. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Na wale wenyeji waliofanya mapatano, wengi wao kwa mizinga kuelekezwa vijijini mwao? Mwaka 1621 gavana Jan Pieterszoon Coen alikwenda na jeshi katika visiwa vya Banda, ambako watu walikuwa wameuza kungumanga kwa wengine. Watu wale karibu wote walikwisha: waliouawa, waliokufa kwa njaa milimani, waliochukuliwa utumwani, na wachache waliokimbia kwa mashua. Mashamba yao yakagawiwa Waholanzi, na watumwa wakaletwa kuyalima. Waingereza nao, waliosoma Bahari Huru kwa sauti kubwa mwaka 1613, walibadilika walipoona samaki wa pwani yao wavuliwa na Waholanzi. Mwaka 1635 mjuzi wao John Selden alitoa kitabu kuonyesha ya kuwa bahari yaweza kuwa na mwenyewe. Kabla yake, mwaka 1625, Serafim de Freitas alikuwa amemjibu Grotius kwa ajili ya Wareno. Kila taifa lilikuwa na mjuzi wake, na kila mjuzi alikuwa na akili nyingi.

Upande wetu wa bahari vita hivyo viligusa pia. Mwaka 1607 merikebu za Kampuni ile, chini ya Paulus van Caerden, zilifika katika kisiwa cha Msumbiji kuwanyang'anya Wareno ngome yao. Walikaa wiki nyingi wakiipiga, wasiiweze. Walipokata tamaa waliutia moto mji uliokuwa nje ya ngome, wakatweka matanga. Mwaka uliofuata wengine walirudi, wakashindwa tena. Ngome ile ingali imesimama, nasi twasikia wageni huenda kuitazama. Kwa ajili ya nyumba zilizoungua halikukaa baraza lolote mjini Amsterdam, kwa kuwa hapakuwa na kitu cha kugawa.